Barafu za Kwetu: Ladha, Riziki na Mchango wa Mwaka Huu

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wetu wa mwaka, na kuchapishwa hapa kwa ombi la wanachama



Kila mwaka tunapokutana hapa huwa tunazungumzia madarasa, visima, madawati na dawa. Mwaka huu kamati imechagua kuzungumzia barafu. Tulipolitaja jambo hili kwa mara ya kwanza, baadhi yenu mlicheka. Chekeni tu, maana barafu ni kitu cha furaha na hakuna mtu aliyekula barafu ya ubuyu akanuna. Lakini mkishamaliza kucheka, tunaomba mtusikilize, kwa sababu ndani ya kile kifuko kidogo kilichofungwa fundo mna ada za skuli, mna sare, mna daftari, na kwa nyumba nyingi za kwetu mna chakula cha usiku.

Tuanze na jina lenyewe. Sisi ni watu wa kisiwa cha joto, hatujawahi kuona theluji ikianguka Wete. Kwa hivyo hata neno la kuitia baridi hiyo tuliliazima. "Barafu" limetoka katika Kiajemi, ambako "barf" ni theluji. Na "malai", neno tunalolitumia kwetu kwa ile ya maziwa, limetoka Bara Hindi, ambako maana yake ni utando mzito wa maziwa, yaani krimu. Bahari ilituletea majina kama ilivyotuletea vyombo, nguo na viungo. Lakini tulichokitia ndani ya barafu ni chetu. Hapo hatukuazima kwa mtu.

Hebu tuzitaje ladha, kila mmoja aonje kwa ulimi wa kumbukumbu.

Kwanza ni ubuyu. Huu ndio mfalme wa barafu za kwetu. Mbegu huloweka katika maji, zikapekechwa kwa mkono au kwa mwiko mpaka ule unga wake mweupe uachane na kokwa, kisha hupitishwa kwenye chujio, ikatiwa sukari, hiliki na tone la arki. Wengine hutia maziwa. Ubuyu una uchachu wake wa asili na una vitamini C nyingi, na kwa kuwa unga wake ni mkavu tangu ukiwa ndani ya buyu, hukaa miezi bila ya kuharibika na bila ya kuhitaji friji. Ndiyo maana mwenye kuuza barafu huanzia hapo: malighafi yake haiozi. Na wale wanaodhani ubuyu ni kitu cha kitoto, wajue kwamba mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya. Kipya kwao. Bibi zetu walikuwa wakiupekecha kabla ya hapo.

Pili ni ukwaju, ambao nao hukaa. Barafu yake ina rangi ya udongo, na ukiizidisha sukari haigandi vyema, hubaki laini kama matope. Tatu ni bungo, lile tunda la mwitu lenye rangi ya chungwa ndani, ambalo mtu hulipekecha akapata juisi isiyofanana na nyengine yoyote duniani. Nne ni embe, na hapa kila mtu ana imani yake: wako wa bolibo, wako wa dodo, na hatutaki kuwagombanisha watu leo. Tano ni stafeli. Sita ni pesheni. Saba ni tui la nazi na hiliki, inayolainika mdomoni kwa mafuta yake ya asili. Nane ni ile ya maziwa iliyopikwa na kastadi au wanga kidogo, ambayo watoto wa kwetu huiita malai. Na msimu wa doriani ukifika, wako wanaothubutu kuigandisha, na nyumba nzima hujua, na jirani pia.

Ladha hizi zina kalenda yake. Mwezi wa Ramadhani watu hununua barafu za maji kwa mabonge, za kutilia juisi ya futari. Sikukuu mbili zikifika, watoto hupewa pesa zao za sikukuu, na katika viwanja vya kufurahishia watoto, kama vile Tibirinzi kule Chake Chake, mwenye ndoo ya barafu hana muda wa kukaa chini. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, pesa huingia mashambani, na jua la kuanikia karafuu ndilo hilo hilo linalouza barafu. Msimu ukiwa mbaya, muuza barafu huhisi kabla ya mwenye duka. Mtu akitaka kujua hali ya uchumi wa Pemba bila ya kusoma ripoti, na akae kibarazani alasiri moja ahesabu ni watoto wangapi wanaopita na barafu mkononi.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu katika kazi hii mna elimu, na wanaoifanya wanastahiki heshima ya mafundi.

Mama anayeuza barafu anajua kwamba juisi ya kugandisha lazima iwe tamu kidogo kuliko ya kunywa, maana baridi huupunguza utamu ulimini. Anajua pia kwamba sukari ikizidi, maji huchelewa kuganda. Anajua kwamba maziwa yaliyopikwa na wanga hugandia laini, kwa kuwa wanga huyashika maji yasijikusanye yakawa vipande vigumu vya barafu. Anajua kwamba tui halichemshwi kwa moto mkali, litakatika. Hakusomea chuoni. Amejifunza kwa mama yake, kwa shangazi yake, na kwa hasara.

Na hesabu anazijua. Tuchukue mfano mwepesi. Lita 5 za juisi ya ubuyu, ukizigawa katika vifuko vya mililita 60 hivi, hutoa barafu zipatazo 80. Toa bei ya ubuyu, toa sukari, ambayo ndiyo inayokula faida zaidi, toa vifuko, toa umeme. Kinachobaki si kikubwa, lakini kinabaki kila siku, na kinabaki mkononi mwa mama mwenyewe, nyumbani kwake, huku akilea na huku akipika. Mazao ya shamba yana msimu wake, na mshahara una mwisho wa mwezi. Barafu inalipa jioni ile ile.

Upande wa pili wa biashara hii ni bahari. Wavuvi wetu wanahitaji barafu ya kuhifadhia samaki. Samaki aliyevuliwa usiku, asipotiwa barafu, huuzwa asubuhi kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa sababu mvuvi hawezi kungoja. Akiwa na barafu anaweza kungoja, anaweza kumpeleka samaki wake mbali zaidi, na bei inakuwa ya kuzungumza. Kwa hivyo mama yule yule anayegandisha ubuyu kwa ajili ya watoto hugandisha maji katika chupa na mifuko mikubwa kwa ajili ya wavuvi. Ni friza moja yenye soko mbili.

Ndugu zetu, baada ya kusema hayo mazuri, tuseme na yanayouma. Yako matatu.

La kwanza ni umeme. Wazee wanakumbuka miaka ambayo Pemba nzima ilitegemea jenereta za mafuta za Wesha. Mwaka 2010 tulipata umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, wa kilovolti 33, kwa msaada wa Norway, na hapo ndipo friza zilipoanza kuwa kitu cha kawaida majumbani. Tunashukuru. Lakini kisiwa kinachokula umeme kupitia waya mmoja wa baharini lazima kiwe na akiba. Ndugu zetu wa Unguja walionja jambo hili mwaka 2008, walipokaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Waulizeni wauza barafu wa Unguja miezi ile waliishije. Na hata bila ya janga kubwa kama lile, kukatika kwa umeme kwa siku moja kunatosha kumfilisi mwenye mtaji wa ndoo moja. Barafu ikishayeyuka na kugandishwa tena huwa na vipande vikali kama chumvi ya mawe, na ile ya maziwa haifai kurudishwa kabisa. Mtaji unamwagwa.

La pili ni maji. Hili tunalisema waziwazi kwa sababu tunawapenda watoto wetu. Wako wanaoamini kwamba baridi huua vijidudu. Haiui. Vijidudu vingi vinavyoleta kuharisha hulala tu ndani ya barafu, na ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto vinaamka. Usalama wa barafu unatoka katika maji yaliyochemshwa au kutibiwa kabla ya kugandishwa, mikono iliyooshwa kwa sabuni, na vyombo safi. Visiwa vyetu vimepata miripuko ya kipindupindu, na mripuko unapotokea, serikali husimamisha uuzaji wa juisi na vyakula vya wazi. Amri hiyo ni ya haki, inaokoa roho za watu. Lakini inampiga sawasawa mama anayechemsha maji yake na yule asiyechemsha, kwa kuwa hakuna kinachowatenganisha. Mwenye kufanya kazi safi hana pahala pa kuonyesha usafi wake.

La tatu ni ladha zenyewe. Siku hizi ni rahisi kununua pakiti ya unga wenye rangi na harufu ya tunda, ukaikoroga na maji, ukagandisha. Ni haraka na ni bei nafuu. Hatumlaumu anayefanya hivyo; mtu huangalia mfuko wake. Lakini kila pakiti inayokorogwa ni ubuyu ambao haukununuliwa shambani, ni bungo lililoozea chini ya mti, ni mkulima aliyekosa shilingi zake. Pesa ya barafu ya ubuyu inazunguka Pemba. Pesa ya pakiti inapanda meli siku ile ile. Na mtoto anayekua hajui ladha ya bungo, huyo hata akijenga ghorofa Wete, kuna mlango mmoja wa kwao ambao hakuufungua.

Juu ya hayo matatu kuna la nne dogo, vile vifuko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Tulitangulia, na tunajivunia. Hata hivyo vifuko vyembamba vya barafu bado tunaviona vikipeperuka mitaani na kuishia mikokoni. Haipendezi watu waliotangulia kuwa wa mwisho kumaliza.

Sasa, mchango wa mwaka huu utafanya nini?

Kamati imekaa na akina mama wanaofanya kazi hii, ikawasikiliza kabla ya kuandika chochote. Kutokana na maneno yao, tunaomba fedha kwa ajili ya jengo moja dogo la kazi, chumba cha barafu, lenye mambo matatu.

Moja ni maji salama: tangi, chujio na jiko la kuchemshia, ili kila barafu inayotoka pale iwe imetokana na maji ambayo mzazi hana shaka nayo. Tutawaomba maofisa wa afya waje wakague bila ya kuarifu, na matokeo yabandikwe mlangoni ili kila mnunuzi ayaone.

Pili ni friza kubwa za kifuniko cha juu, zinazotumia umeme wa kawaida, na pembeni yake umeme wa jua wa kuziendesha pale waya unaponyamaza. Kifuniko cha juu tumekichagua makusudi. Baridi ni nzito, hukaa chini. Friza ya mlango wa mbele ukiifungua baridi yote inamwagika miguuni kwako. Tena akina mama wametufundisha hila ambayo wataalamu nao wanaithibitisha: friza isiachwe tupu. Nafasi inayobaki ijazwe chupa za maji yaliyoganda. Barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi, kiasi ambacho kingeweza kuyapandisha maji yale yale kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Friza iliyojaa vitu vilivyoganda, isipofunguliwa, inaweza kushika baridi karibu siku mbili, na iliyojaa nusu, siku moja. Kwa joto la kwetu tuhesabu pungufu kidogo, lakini hata hivyo ni muda wa kuokoa mtaji. Na chupa zile zile ndizo zitakazouzwa kwa wavuvi.

Tatu ni vyombo: mashine ya kusaga na kuchuja matunda, vikombe vidogo vya kurejeshwa, na vibao vya kugandishia barafu za kijiti, ili vile vifuko vipungue mpaka viishe.

Chumba hiki hakitakuwa cha mtu mmoja wala cha chama. Kitakuwa cha kikundi cha akina mama wenyewe. Kila mmoja atalipia nafasi anayoitumia, kidogo, kwa siku anazozitumia, na fedha hizo zitakwenda katika matengenezo na umeme. Tumeona miradi mingi ya misaada ikifa siku mashine ilipoharibika, kwa sababu hakuna aliyeweka akiba ya kuitengeneza. Daftari la mapato na matumizi litasomwa mbele ya wanachama kila mwaka katika mkutano kama huu, na hesabu zake zitachapishwa katika kitabu kama hiki mlichonacho mkononi.

Sharti moja akina mama wamelikubali, na kwa kweli wao ndio waliolitoa: chumba cha barafu kitagandisha matunda ya kwetu tu. Ubuyu, ukwaju, bungo, embe, stafeli, pesheni, nazi. Pakiti zibaki madukani.

Katika vikao vya matayarisho mmoja wa wazee wetu alituuliza swali zuri, na tunaona ni haki kulijibu mbele yenu nyote. Alisema, watoto wanakosa madawati, nyinyi mnataka kununua friza? Jawabu letu ni hili. Dawati tukilinunua, mtoto atakalia. Ni jambo jema, na fungu la madawati halikuguswa, lipo pale pale ukurasa wa pili. Lakini ni nani atakayemnunulia mtoto huyo kalamu mwezi ujao, na viatu mwakani? Chama hakiwezi kuwa mzazi wa kila mtoto. Kinachoweza ni kumpa nguvu mzazi wake. Mama mwenye pesa yake ya jioni hahitaji kutuandikia barua ya kuomba msaada wa daftari, na sisi tungependa barua hizo zipungue. Si kwa kuwa tumechoka kuzisoma, bali kwa kuwa kila mmoja wetu anajua inavyokuwa vigumu kuiandika.

Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama patakuwa na barafu ya bungo. Tukamwambia itakuwepo. Akaitoa kadi yake ya ahadi.

Ndugu zetu mlio mbali, tunajua mnakoishi mna malai ya kila namna, ya chokoleti na ya vitu vyengine ambavyo majina yake hatuyawezi. Tunajua pia kwamba mkija likizo, mizigo haijafunguliwa, watoto wenu walishatoka mbio kuulizia barafu nyumba ya jirani. Wanarudi na midomo myekundu na maneno mapya ya Kiswahili. Hiyo barafu ni mwalimu wenu asiyelipwa, na leo tunaomba alipwe kidogo.

Namna ya kuchangia imeelezwa ukurasa wa mwisho, pamoja na fomu ya ahadi. Mwenye uwezo wa kuchangia friza nzima, Mwenyezi Mungu amzidishie. Wanaoweza kuungana watano au kumi wakachangia tangi, waungane. Mwenye uwezo wa bei ya kibao kimoja cha kugandishia, asione haya, kwa sababu ndani ya kibao hicho kitapita riziki ya mtu kila siku. Wako pia wenye ujuzi: mafundi wa umeme wa jua, mafundi wa friza, watu wa afya, watu wa hesabu. Wiki moja ya kazi yenu mkiwa likizo ni mchango kamili, na utaandikwa kama mchango.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Katika mambo mengi methali hii husemwa kwa uchungu. Kwa jambo letu la leo tunaisema kwa tabasamu, kwa sababu tunachoomba ni kuutia kitu mkono wa mama, na kitu chenyewe ni cha kulamba.